Kataa Kazi, Usimkatae Mtu: Dhamiri ya Mwenye Biashara na Haki ya Mteja

Swali ambalo wenye biashara wenzangu wa hapa Moshi huniuliza mara kwa mara, hasa msimu wa harusi na kipaimara unapokaribia, ni kama mtu anayeendesha biashara yake binafsi, kwa mtaji wake na leseni yenye jina lake, ana haki ya kumkataa mteja au mfanyakazi kwa sababu dini yake haimruhusu. Nimefanya kazi ya mapishi ya sherehe na uokaji wa keki kwa miaka mingi, nikiwahudumia Wakatoliki wa Kibosho, Walutheri wenzangu wa Machame, Wasabato, walokole na familia za Kiislamu za Njoro na Pasua, kwa hiyo swali hilo nimeishi nalo jikoni kabla ya kulijibu kwa maandishi. Jibu langu ni kwamba dhamiri ya mwenye biashara ina haki ya kuchagua kazi gani ataifanya na ipi hataifanya, lakini kazi ikishawekwa sokoni, dhamiri hiyo haina haki ya kuchagua ni watu wa dini gani au kabila gani watauziwa.

Biashara yangu haigawi pombe. Kwa anayezijua sherehe za Uchagani huo si msimamo mwepesi, kwa sababu mbege, pombe yetu ya ndizi, ina nafasi yake ya heshima mbele ya wazee, na kamati za harusi hupenda kumpa mtu mmoja kazi yote ya chakula na vinywaji ili zisihangaike na watu wengi. Nimekosa oda kwa sababu hiyo na nitaendelea kuzikosa. Hata hivyo msimamo wangu unamhusu kila anayekuja: mtoto wa mchungaji akitaka bia zigawiwe na watu wangu nitamwambia hapana, na mtu asiyekanyaga kanisa akitaka chakula kitupu nitampikia kwa moyo mweupe. Hakuna anayeweza kusema nimemdharau yeye, maana hakuna anayepata kwangu kile ambacho yeye amenyimwa.

Tofauti na hilo ni msimamo wa mpishi mwenzangu mmoja, mtu mwema na mcha Mungu, ambaye kwa muda alikuwa akikataa kupika kwenye harusi za Waislamu kwa hoja kwamba kupika huko ni kushiriki ibada isiyo yake. Nilimweleza kwamba pilau anayoipika kwa harusi ya Mkristo ndiyo pilau ileile, kwa mchele uleule na viungo vilevile kutoka soko la Mbuyuni, na kwamba hakuna anayemtaka aombe dua wala aitikie kasida. Angekuwa ameombwa kusoma au kuimba maneno ya imani ambayo si yake, ningemtetea mbele ya yeyote. Kinachokataliwa pale ni watu, na jina la dini limewekwa mbele ili ukataaji huo uonekane wa heshima.

Hoja hii haikuanzia Kilimanjaro. Marekani walitunga mwaka 1964 Sheria ya Haki za Kiraia iliyokataza hoteli, migahawa na kumbi za burudani kumbagua mteja kwa rangi, dini au asili ya taifa lake. Mwenye mtandao wa migahawa ya nyama choma huko South Carolina, ulioitwa Piggie Park, aliwazuia watu weusi kula ndani ya migahawa yake, na aliposhtakiwa akadai pamoja na mengine kwamba imani yake ya Kikristo inapinga mchanganyiko wa rangi. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1968, na mahakama ikaiona hoja hiyo kuwa haina uzito hata kidogo. Nawaomba wasomaji wenye ngozi kama yangu waikumbuke kesi hiyo kila wanaposhawishika kwamba neno dini likitajwa tu mjadala umekwisha, kwa kuwa wazazi wa wazazi wetu, katika miji hiihii ya Arusha na Moshi enzi za ukoloni, walikuta milango wasiyoruhusiwa kuingia, na waliowazuia hawakujiona watu wasio na dini.

Kesi za karibuni zimekuwa ngumu zaidi, na zinahitaji kusomwa kwa utulivu. Mwaka 2012 mwoka keki wa duka la Masterpiece Cakeshop, katika jimbo la Colorado, alikataa kutengeneza keki ya harusi ya wanaume wawili, ingawa alikuwa tayari kuwauzia bidhaa nyingine dukani. Tarehe 4 Juni 2018 Mahakama ya Juu ilimpa ushindi kwa majaji 7 dhidi ya 2, na watu wengi huku kwetu walisambaza habari hiyo kana kwamba mahakama imesema kila mwenye duka anaweza kumkataa amtakaye. Mahakama haikusema hivyo. Ilisema tume ya jimbo iliyosikiliza malalamiko ilionyesha uadui dhidi ya imani ya yule mwoka keki badala ya kumsikiliza bila upendeleo, na swali kubwa ikaliacha. Mwaka 2023, katika kesi ya mbunifu wa tovuti wa huko huko Colorado, mahakama hiyo iliamua kwa majaji 6 dhidi ya 3 kwamba serikali haiwezi kumlazimisha mtu kubuni maneno na ujumbe asioukubali, na hapo ndipo mstari ulipoanza kuonekana.

Uamuzi unaonisaidia zaidi katika kazi yangu, hata hivyo, ni wa Uingereza. Mteja mmoja wa Belfast aliagiza mwaka 2014, kwa duka la keki la Ashers, keki ya pauni 36 na nusu yenye maandishi ya kuunga mkono ndoa za jinsia moja. Wenye duka, Wakristo, wakamrudishia fedha zake. Tarehe 10 Oktoba 2018 majaji wote watano wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwamba duka halikumbagua, kwa kuwa lingemkatalia mtu yeyote aliyeagiza maandishi yale, awe na mwelekeo gani wa maisha. Majaji walieleza waziwazi kwamba kumnyima mtu keki kwa sababu ya yeye alivyo ni kosa, na kwamba lililokataliwa pale lilikuwa ujumbe. Huku kwetu mahusiano ya jinsia moja ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, hivyo suala hilo haliji kaunta kwa sura ile, lakini kanuni iliyotumika kulipima inatuhusu kila wiki.

Nitatoa mfano wa kwangu. Familia moja ilikuja kuagiza keki ya ubatizo wa binti mtu mzima aliyetoka katika Uislamu na kuingia Ukristo. Walitaka keki ya ngazi mbili, nyeupe, yenye msalaba wa dhahabu, na chini ya jina la binti yaandikwe maneno ya kumpongeza kwa kutoka gizani. Nikiwa nimeshika kalamu ya oda, niliuliza ni nani watakaohudhuria, nikaambiwa mama yake mzazi na wajomba zake, ambao ni Waislamu, watakuwa meza ya mbele. Niliwaambia kwamba nitaioka keki, nitaweka msalaba, nitaandika jina la binti na tarehe ya ubatizo wake, na hata aya ya Biblia wakiichagua, lakini maneno yale hayatatoka mkononi mwangu, kwa sababu yamekusudiwa kumfedhehesha mama mbele ya mwanawe. Ni Ukristo wangu uliofurahi juu ya ubatizo ule, na ni Ukristo huohuo uliokataa yale maneno. Familia ya Kiislamu ingeniletea maneno ya namna hiyo dhidi ya Wakristo, jibu lingekuwa hilohilo. Walishauriana nje kwa muda, wakarudi wakachagua jina na tarehe.

Ninausimulia mkasa huo kwa kirefu kwa sababu unaonyesha kipimo ninachowapa wote wanaoniuliza. Kabla hujasema hapana, jiulize kama mtu wa dini yako, wa kabila lako na wa ukoo wako angekuja na ombi hilohilo kwa maneno hayohayo, ungemjibu vipi. Kama yeye ungempa na huyu unamnyima, basi umembagua mtu, hata kama umejisikia vizuri moyoni.

Nyama ndipo mahali ambapo dini na biashara hukutana kwa nguvu zaidi hapa Kilimanjaro. Harusi ya Kichaga bila ndafu haijakamilika machoni pa wengi: mbuzi mzima aliyebanikwa, akasimamishwa juu ya meza akiwa na majani mdomoni, kisha bibi na bwana harusi wakamkata na kulishana kama wanavyofanya kwa keki. Swali la nani alimchinja mbuzi yule lina uzito mkubwa kwa wageni Waislamu, na kwa baadhi ya walokole lina uzito wa upande wa pili, kwa kuwa hawataki nyama iliyochinjwa kwa utaratibu wa dini nyingine. Msifikiri ni jambo dogo. Mwaka 2013 ugomvi juu ya kuchinja ulifika hadi kumwaga damu huko Buseresere, mkoani Geita. Ushauri wangu hapa ni ukweli mtupu. Mwambie mteja ni nani aliyechinja na wapi, usiseme chakula ni halali kama hukuhakikisha mwenyewe, na kama jikoni kwako kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, hupikwa, sema hivyo siku ya oda, ili mteja aamue akiwa anajua. Mteja ana haki ya kuukataa utaratibu wako kwa sababu ya imani yake, kama wewe ulivyo na haki ya kutokuwa na utaratibu anaoutaka.

Kuhusu sheria zetu wenyewe, ni vyema mfanyabiashara ajue zinasema nini. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, inalinda uhuru wa kila mtu wa kuamini na hata wa kubadili dini. Ibara ya 13 inapiga marufuku ubaguzi na kuitaja dini pamoja na kabila, rangi, jinsia, maoni ya kisiasa na mahali mtu alipotoka. Nayo ibara ya 30 inaeleza kwamba haki na uhuru wa mtu havitumiwi kwa namna ya kuingilia haki na uhuru wa wengine. Ni kweli kwamba marufuku ya ibara ya 13 inamtaja mtu au mamlaka inayotekeleza madaraka chini ya sheria au shughuli za Mamlaka ya Nchi, wala haitaji migahawa na hoteli kama ile sheria ya Marekani, kwa hiyo wanasheria wanaweza kubishana ni kwa kiasi gani inaufikia mlango wa duka la mtu binafsi. Mimi sioni kwamba nafasi hiyo ya ubishi ni ruhusa. Nchi ambayo katiba yake inaweka imani na usawa pamoja, kisha ikaweka ibara ya kuvizuia visidhuriane, imeshatuonyesha njia ya kupita.

Kwenye ajira, hata hivyo, ubishi wa namna hiyo haupo. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kinamkataza mwajiri kubagua, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, kwa misingi ya dini, kabila, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri na mingineyo, na ulinzi huo unamhusu hata mtu anayeomba kazi. Kukiuka ni kosa la jinai, na mfanyakazi akionyesha dalili za awali kwamba alibaguliwa, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakufanya hivyo. Malalamiko hupelekwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa hiyo ninaposoma kwenye nguzo za umeme tangazo linalosema anahitajika dada wa duka, awe mlokole, huwa nasikitika kwa ajili ya wote wawili: dada aliyefungiwa mlango na mwenye fremu ambaye ameutangaza ushahidi dhidi yake mwenyewe. Sheria inakubali sifa ambayo ni ya lazima kwa asili ya kazi yenyewe, na ndiyo maana kanisa linaweza kudai mwinjilisti wake awe Mkristo. Kuuza vitenge na viatu hakuna lazima hiyo.

Uliza kazi, usiulize dini. Ninapomwajiri mtu wa jikoni namweleza kwamba tunapika kuku, mbuzi, ng'ombe, samaki na wakati mwingine kitimoto, kisha namuuliza ni kazi ipi hataweza kuifanya. Mpishi wangu wa pilau ni Mwislamu, na tulikubaliana tangu mwanzo kwamba kitimoto hakitamgusa. Sufuria za kitimoto zina alama ya rangi nyekundu kwenye mikono, visu na ubao wa kitimoto hukaa kabati la nje, jiko lake ni la mkaa lililo nyuma ya nyumba, na anayevitumia vyombo hivyo huviosha yeye mwenyewe kwenye karai la peke yake. Haikunigharimu kitu cha kutisha. Muokaji wangu mmoja ni Msabato, na harusi nyingi za hapa ni Jumamosi, kwa hiyo keki huokwa Alhamisi, hupambwa Ijumaa asubuhi, naye huondoka kabla jua halijazama, kisha Jumapili huja kusafisha na kuhesabu vyombo vilivyorudi. Sheria yetu inamtaka mwajiri atoe angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kwa wiki na haikutaja siku, hivyo Jumamosi yake ni halali sawa na Jumapili yangu. Wenzake hawakunung'unika kwa muda mrefu, kwa sababu naye huchukua zamu za sikukuu ambazo wao wanataka kuwa nyumbani.

Suala la hijabu kazini nitaligusa kwa ufupi. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2015 iliamua dhidi ya kampuni ya nguo ya Abercrombie & Fitch, iliyomnyima kazi binti Mwislamu kwa sababu kitambaa chake cha kichwa hakikulingana na mtindo wa mavazi wa duka. Jikoni kitambaa cha kichwa ni usafi, na ukumbini hakijawahi kunikosesha mteja mmoja. Anayesema hijabu itafukuza wateja aonyeshe hao wateja waliofukuzwa.

Nyumba za wageni zina ugumu wake. Gesti kadhaa za hapa mjini zinamtaka mwanamume na mwanamke wanaoomba chumba kimoja waonyeshe cheti cha ndoa, na wenyewe husema kanuni hiyo inamhusu kila mtu. Ninaiheshimu nia yao, lakini kanuni inayosomwa sawa kwa wote inaweza kuwaangukia baadhi tu. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwahukumu wenye hoteli ndogo ya Cornwall, Wakristo waliotoa vyumba vya kitanda kikubwa kwa wanandoa pekee, kwa sababu wakati ule kulikuwa na watu, yaani wapenzi wa jinsia moja, ambao sheria ya nchi haikuwaruhusu kabisa kuwa wanandoa. Huku kwetu wanaoangukiwa ni wengine: wazee waliooana kimila miaka mingi iliyopita, waliofunga ndoa msikitini na karatasi zikapotea, watu wa vijijini ambao hawajawahi kuombwa cheti na mtu yeyote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazitambua ndoa za kimila na za dini pamoja na za kiserikali, na mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mke na mume huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mhudumu wa mapokezi anayemrudisha bibi wa miaka 70 barabarani usiku kwa kukosa karatasi hajalinda ndoa ya mtu. Mwenye gesti anayetaka kushika msimamo huo na aweke tangazo pale mtu anapopiga simu kuulizia chumba, na akubali neno la mtu mzima kuhusu ndoa yake.

Na wenye nyumba za kupangisha, hasa Arusha, nawasihi. Nilipokuwa natafuta chumba Sanawari pamoja na rafiki yangu Mwislamu, kila mmoja akiwa na kodi ya miezi sita mkononi, dalali alituuliza dini na kabila kabla ya kutuuliza kama tuna kazi. Mimi nilionyeshwa chumba. Yeye aliambiwa mwenye nyumba hapendi usumbufu. Usumbufu gani, hakuna aliyeueleza. Hapo hapakuwa na dhamiri yoyote iliyoombwa kufanya jambo la dhambi, kwa maana kumpangishia mtu chumba si kuikubali sala yake, na bado neno dini ndilo lililotumika kumfungia mtu mlango wa mahali pa kulala.

Wapo wanaosema kinyume changu kwa upande mwingine, kwamba mtu akishafungua duka ameiacha dhamiri yake nyumbani na lazima afanye lolote analoagizwa mradi amelipwa. Siwakubalii hao pia. Mtu aliyelazimishwa kuandika, kuimba au kubuni jambo analoliona ni kufuru atalifanya vibaya na kwa uchungu, na jamii haitapata amani yoyote kwa kumshurutisha. Ninachoomba ni kwamba dhamiri hiyo ijulikane mapema, iwe ileile kwa kila mtu, na isemwe kwa adabu.

Karatasi yangu ya oda inasema juu kabisa, kabla ya bei, kwamba hatugawi pombe, kwamba kitimoto hupikwa kwa vyombo vyake na kwa oda maalumu, na kwamba hatuandiki kwenye keki maneno ya kudhalilisha dini, kabila au mtu. Mteja huisoma tukiwa tumeketi, kabla hajatoa kianzio, kwa sababu kumwambia mtu hapana wiki ya harusi ni kumdhulumu hata kama sababu yako ni nzuri. Akiona hatuwezani, simpi mahubiri wala simuulizi anasali wapi. Namwandikia jina na namba ya mpishi mwingine ninayeiamini kazi yake, na kama alikuwa ameshatuma kianzio kwa simu, namrudishia siku hiyohiyo pamoja na gharama ya kutuma.